Nilivyoinuka Kwenye Kiti cha Tata

Tata, baba yangu, aliletwa kutoka Muleba juu ya magunia ya kahawa. Lori lilikuwa la mfanyabiashara mmoja Mhindi, lilikuwa likipeleka kahawa Bukoba mjini, na dereva alikubali kumpakia mgonjwa kwa sharti moja, kwamba asife njiani. Nilikuwa nimesimama mbele ya ghala la kahawa mjini tangu saa nne asubuhi. Lilifika saa nane kasoro robo. Tata alikuwa amefungwa kiunoni kwa kamba ya mgomba ili asiteleze kwenye kona za Kemondo, na kando yake alikaa mwanamume wa rika langu, amemshika bega.

Sikuwahi kumwona mtu huyo, lakini nilimjua. Alikuwa na masikio ya Tata, na kabla ya kushika kitu alipangusa viganja vyake kwenye mapaja, kama Tata.

“Asubuhi amekunywa uji,” aliniambia akiwa bado juu ya magunia. “Kemondo ametapika. Hiyo kamba usiivute kwa haraka, ana kidonda huku.”

“Wewe huji naye?”

“Kwenu?” Alicheka kidogo. “Mama yako atanipikia ndizi?”

Tulimshusha pamoja, mimi miguu, yeye mabega. Kisha akakaa kwenye ukuta wa ghala kusubiri lori limalize kushusha mzigo, arudi nalo alikotoka. Huyo alikuwa ndugu yangu wa baba, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya kwanza.

Niseme mambo yalivyokuwa. Tata alikuwa na nyumba mbili. Ya kwanza ilikuwa upande wa Kashozi, katika kibanja alichoachiwa na babu, na humo alikaa mama yangu, mke wake wa ndoa ya kanisani. Asiyetoka kwetu huenda akadhani kibanja ni shamba tu. Ni migomba, na kahawa chini ya migomba, na nyumba katikati, na makaburi ya ukoo nyuma ya nyumba. Nje ya hapo ni rweya, nyasi tupu juu ya udongo maskini. Nyumba ya pili ilikuwa Muleba, alikokwenda kununua kahawa kwa niaba ya wafanyabiashara wa mjini. Huko alikaa na mwanamke mwingine na huyo mwana wao, katika ardhi ya bwana mmoja mkubwa. Walikuwa wapangaji. Mpangaji akifa, mwenye ardhi aliweza kuitoa kwa mtu mwingine.

Kwa sababu ya nyumba hiyo ya pili, Tata hakupokea Komunyo kwa miaka zaidi ya ishirini na mitano. Jumapili akiwa nyumbani alikuja kanisani akasimama karibu na mlango. Wengine walipokwenda mbele, yeye aliangalia kofia yake.

Mimi nilisomeshwa na misheni, nikawa karani bomani Bukoba, enzi za Waingereza. Kazi yangu ilikuwa kuandika maelezo ya watu waliofika na mashauri yao: nani kasema nini, saa ngapi, mbele ya nani. Nilipanga chumba kwa fundi cherehani Mwislamu, ambaye babu yake alitoka pwani. Jumapili nilirudi nyumbani, na siku ambazo padre hakufika, mimi ndiye niliyesoma sala mbele ya watu katika kigango chetu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Kila mtu alijua kwamba kibanja kile kitakuwa changu, nami nilijua hivyo. Nilikuwa nimeshachagua mahali pa kujenga nyumba ya mabati, chini kidogo ya ile ya msonge, ili Mama abaki na yake.

Wanaume wanne walimbeba Tata kwa machela kutoka mjini. Siku ya pili padre alifika. Alimwambia kwa upole kwamba anaweza kumpa mafuta ya wagonjwa na Komunyo iwapo atamwacha yule mwanamke wa Muleba. Tata alitazama paa. Nje mtu alikuwa akipasua kuni. Kisha akasema, “Nimemwacha.” Padre akamwomba aseme tena mbele yetu, naye akasema tena. Mama alikuwa amepiga magoti juu ya nyasi zilizotandazwa sakafuni. Alilia kwa sauti ndogo, na nilipomtazama usoni niliona kwamba kile hakikuwa kilio cha huzuni.

Siku ya tatu asubuhi Mama alikwenda kuchota maji, na Tata akaniita. Ilikuwa saa moja na nusu. Sauti yake ilikuwa safi kuliko siku zote mbili zilizopita.

“Baba yako mkubwa yuko wapi?”

“Yuko kwake.”

“Utamwita. Lakini kwanza sikia wewe, huenda nisimsubiri. Atakayekaa hapa ni yule wa Muleba.”

Nilimuuliza kama anasema hapa.

“Hapa. Nyumba hii na kibanja hiki. Wewe una kalamu. Yeye jana nimemwacha mama yake ili nife vizuri, na nikifa watafukuzwa kule. Nimwache na yeye?”

Nilimfunika miguu.

“Utawaambia?”

“Nitawaambia, Tata.”

“Wasikuambie nilikuwa na homa.”

Hakuwa na homa. Nilimgusa paji la uso, lilikuwa la ubaridi. Nilitoa daftari mfukoni nikaandika maneno yake na saa aliyoyasema, kwa mazoea tu, kama ningefanya kwa mtu yeyote aliyesimama mbele ya meza yangu. Kisha nikaenda mbio kumwita baba mkubwa, kaka yake Tata, ambaye ndiye alikuwa mkuu wa ukoo. Kwake ni mwendo wa nusu saa. Tuliporudi Tata alikuwa anapumua tu. Ulimi haukuinuka tena. Alikufa karibu na saa sita, akimtazama kaka yake kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu.

Tulimzika kesho yake nyuma ya nyumba.

Mama aliniuliza wakati wa matanga, jikoni, akimenya ndizi za wageni.

“Siku ile nilipokwenda kwenye maji, alikuambia nini?”

Nilimwambia. Mkono wake haukusimama. Alimenya ndizi ile mpaka mwisho, akaitia majini, akachukua nyingine.

“Ulisikia peke yako?”

“Peke yangu, Mawe.” Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kihaya.

“Basi yameisha.”

“Nilimwahidi.”

“Mimi aliniahidi mbele ya altare.” Alininyooshea kile kisu, bila hasira, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. “Sikuombi useme uongo. Amri za Mungu nimekufundisha mwenyewe, hapa hapa jikoni. Nakuomba unyamaze. Ukinyamaza utakuwa umemdhulumu nani? Yule si wa ndoa.”

“Ni mwana wake.”

“Na mimi ni nani wake?”

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Kwetu mrithi hapewi mali peke yake. Huketi kwenye kiti cha marehemu na kushika muhoro wake, kile kisu kirefu chenye ncha iliyopinda tunachopogolea migomba, na tangu hapo yeye ndiye baba wa nyumba. Hata waliomzidi umri humwita Tata. Iwapo ningesema, Mama angebaki katika nyumba yake mwenyewe kwa hisani ya mwana wa yule mwanamke, na kila asubuhi angemsalimu kama baba.

Nilikwenda kwa katekista wa kigango chetu. Nilimkuta akipalilia maharage. Alinisikiliza bila kuacha kazi mpaka nilipofika mwisho.

“Umeulizwa?” akasema.

“Bado.”

“Sasa mbio za nini? Asiyeulizwa akinyamaza hajadanganya.”

“Na nikiulizwa?”

Aliegemea jembe. “Huenda wasikuulize. Wazee wanajua mrithi ni nani, watakukalisha tu. Halafu fikiria na kanisa, ndugu yangu. Mtoto wa ndoa anatoka, wa nje anaingia. Watu watajifunza nini hapo?”

“Kwamba Tata alisema hivyo.”

“Karani!” Alicheka mpaka akafuta macho. “Wewe mbinguni utaingia na daftari.”

Alinipa maharage mabichi niwapelekee wafiwa. Nikiwa njiani nilijaribu kuomba Mungu. Maneno yote ya sala nilikuwa nayo, nilikuwa nayasoma kila Jumapili, lakini yalipita kama majina katika orodha. Nilijikuta nahesabu migomba ya watu kando ya njia.

Siku ya kumaliza matanga ukoo wote ulikusanyika uani. Yule wa Muleba alikuja pia, kwa miguu kutoka mjini, kwa kuwa mwana hawezi kukosa siku hiyo hata kama hatakiwi. Alikaa peke yake chini ya ukingo wa paa. Kisahani cha buni za kutafuna kilipitishwa kwa wageni, na kilipomkaribia kilizunguka kikaenda kwa mwingine.

Utaratibu wetu ni kuuliza kwanza. Mkuu wa ukoo huuliza kama kuna aliyesikia neno la marehemu, na watu wakiisha kusema ndipo mrithi hukalishwa. Siku ile mvua ilikuwa inakuja kutoka ziwani, tuliiona nyeupe juu ya vilima, na baba mkubwa hakuona sababu ya kuchelewa. Alinishika mkono, akanikalisha kwenye kiti cha Tata, akanitia muhoro mkononi. Wanawake wakapiga vigelegele. Ndipo alipokumbuka.

“Haya, kuna aliyesikia neno?” alisema, na tayari alikuwa amegeuka kuupokea mtungi wa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi.

Kiti kilikuwa kifupi, cha miguu mitatu. Mpini wa muhoro ulikuwa umewahi kupasuka, na Tata aliuzungushia waya. Waya ule ulikuwa wa baridi. Mama alisimama mlangoni. Hakunitazama usoni, alitazama ardhi mbele ya miguu yangu. Ningependa kuandika kwamba nilimfikiria Mungu wakati ule, au roho ya Tata, au ahadi. Sikufikiri chochote. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha, ambao mtu anauona ni wake lakini hausikii. Nilijua tu kwamba swali limeulizwa na jibu ninalo mimi.

“Mimi nilisikia,” nikasema.

“Sema, mwanangu, sema, mvua hii.” Alidhani nataka kutoa shukrani.

Niliwaambia kwa mpangilio. Saa moja na nusu asubuhi, tulikuwa wawili, hakuwa na homa. Nikayatamka maneno ya Tata kama yalivyokuwa, pamoja na lile la kalamu na lile la kufa vizuri. Nilipomaliza, baba mkubwa alikuwa bado ameushika mtungi.

“Nani mwingine alisikia?”

“Hakuna.”

“Unajua umekaa wapi?”

“Najua, waitu,” nikamjibu kwa heshima.

“Katika ukoo huu mtu hainuki kwenye kiti hicho. Anayeinuka amemkataa baba yake. Aliyemkataa baba hapewi hata mgomba mmoja wa kando. Unalijua hilo?”

“Nalijua.”

“Si ungesema kabla hujakaa!”

“Hukuuliza kabla sijakaa.”

Binamu yangu mmoja alisema kwa sauti kutoka nyuma, “Karani amesoma mpaka amesahau kukaa,” na watu wawili watatu wakacheka, kisha wakaacha.

Nilikuwa nimekwenda pale nikijua nitapoteza nyumba na sehemu kubwa ya kibanja. Hiyo nilikuwa nimeipiga hesabu. Lakini mwana asiye mrithi hupewa fungu dogo, mistari michache ya migomba na kahawa, na hapo ningemjengea Mama. Kama ningesema nikiwa nimesimama, fungu hilo lingekuwa langu. Kwa ile haraka ya mvua lilikuwa limekwenda. Baba mkubwa aliliona hilo wakati uleule nilipoliona mimi. Alikuwa ananipenda. Lakini hakuna aliyewahi kusikia namna ya kumkalisha mtu kinyume, na mbele ya ukoo mzima hakuweza kuibuni.

“Kaa tu,” alisema polepole, ili mimi peke yangu nisikie. “Kaa. Tutasema hatukukusikia.”

Niliinuka. Niliweka muhoro juu ya kiti, nikaenda kusimama na wanaume wengine. Mvua ikaanza. Walimwita yule aliyekaa chini ya ukingo wa paa, naye akatazama nyuma yake kwanza, kana kwamba wamemwita mtu mwingine. Kisha akapangusa viganja kwenye mapaja.

Mama aliondoka siku ileile. Alichukua kapu, sufuria mbili, mkeka na rozari. Mrithi alimfuata hadi mlangoni.

“Mawe, kaa. Nyumba ni yako.”

“Usiniite Mawe,” Mama alisema. “Sikukuzaa.”

Nilimbebea kapu hadi Ijuganyondo, kwa kaka yake. Ni mwendo mrefu kwa mtu wa umri wake, na mvua ilitufuata karibu njia yote. Tulipoiona nyumba ya mjomba alisimama, akalichukua kapu mikononi mwangu, akaingia nalo mwenyewe.

Baada ya wiki moja nilirudi kibanjani kuchukua viatu vyangu vya Jumapili. Mrithi alikuwa anaanika kahawa. Aliniacha nipite, nikatoka na viatu, ndipo akasema:

“Wewe ndiye uliyenipa, au ni Tata?”

“Ni Tata.”

“Basi sina cha kukushukuru.”

“Huna.”

Akarudi kugeuza kahawa yake kwa mguu. Nadhani tulikuwa tumeelewana.

Jumapili iliyofuata mtu mwingine alisoma sala kigangoni. Hakuna aliyenifukuza. Katekista alinisalimu vizuri, akaniuliza habari za mjini, na kitabu kilikuwa tayari mkononi mwa mwingine. Nilikaa karibu na mlango kwa sababu nilichelewa, na Jumapili ya pili nilikaa palepale bila kuchelewa. Baadaye nilisikia walivyosema wanawake kwenye maji: amenunua utakatifu kwa nyumba ya mama yake. Nimelitazama neno hilo pande zote kwa miaka mingi. Siwezi kusema ni la uongo.

Mwenye nyumba wangu mjini, yule fundi cherehani, alikuwa amepata habari kabla sijarudi kutoka matangani.

“Bwana karani, umerudi na mkoba uleule?”

“Uleule.”

“Mimi niliambiwa utarudi na kibanja kichwani.” Alikanyaga cherehani, akashona kidogo, akasimamisha tena. “Ninyi watu mna mambo. Sisi kitabu kimeshagawa, kila mwana na fungu lake, hakuna kukaa kitandani kwa mtu kusubiri aseme. Ninyi mnagawa kwa masikio. Sasa sikio likiwa moja?”

“Ndiyo hivyo.”

“Na sikio lenyewe ndilo mrithi!” Alitikisa kichwa. “Ningekuwa mimi ningeziba.” Kisha akanitazama zaidi ya alivyozoea. “Au pengine nisingeziba. Mtu hajui. Lete hilo shati, kola imekwisha, nikugeuzie.”

Aliigeuza kola bila malipo. Ni yeye peke yake aliyenifanyia jambo kwa ajili ya habari ile, na hakuwa wa dini yangu.

Miaka ikaenda. Nilifanya kazi bomani, niliandika maelezo ya watu. Mashauri ya vibanja yalikuwa mengi, na mara nyingi nilimwona shahidi akitazama chini kabla ya kujibu, nikajua amesikia kitu. Sikuwahi kumwambia yeyote kati yao afanye nini. Kuoa nilichelewa sana, kwa maana kila nyumba niliyobisha hodi waliniuliza nitampeleka binti yao wapi, na mimi nilikuwa na chumba cha kupanga.

Kila Jumamosi mchana nilikwenda Ijuganyondo. Mjomba alimpa Mama kijumba nyuma ya jiko lake. Mama alinipikia ndizi na maharage, akaniwekea, kisha akatoka nje kukaa kwenye jua mpaka nimalize. Hakula pamoja nami tena. Tuliongea habari za mvua, za bei ya chumvi, za kikohozi cha mjomba. Tangu siku ile hakuniita mwanangu. Aliniita karani, kama watu wengine. Alisema bila kejeli. Jina tu.

Nilikuwa nikingoja nisikie kitu, ama majuto ama amani. Padre mmoja niliyemwungamia alisema amani itakuja. Labda ilikuja na sikuitambua. Kilichokuwapo ni kwamba nililala vizuri, nikaamka, nikaenda kazini, na chakula hakikuwa na ladha kubwa. Wala sikuwahi hata siku moja kutamani kwamba ningenyamaza. Hilo nililitafuta ndani yangu mara nyingi, kama mtu anayepapasa mifuko, na sikulikuta.

Mama aliugua wakati wa mvua za masika, Waingereza wakiwa bado bomani. Siku mbili kabla hajafa aliniuliza swali ambalo sikulitarajia.

“Ule muhoro bado una waya?”

“Sijui, Mawe.”

“Ungekuwa umekaa ungejua,” akasema, akageukia ukuta. Alipokea sakramenti zote. Alikufa Alhamisi asubuhi, saa tatu, mimi na mjomba tukiwapo.

Mjomba alinitoa nje.

“Dada yangu ni mke wa watu,” akasema. “Siwezi kumlaza kwenye kibanja changu kama binti asiyeolewa. Ana mume wake kule. Nenda kaombe.”

“Alikataa kukaa kule.”

“Alikataa kukaa kwa mtu. Kwa mume wake hakukataa. Nenda.”

Nilikwenda kwa baiskeli. Mrithi alikuwa katikati ya migomba, anapogoa. Nilisimama kwenye mpaka, penye milamula, miti ile tunayopanda kuonyesha mwisho wa shamba la mtu, kwa kuwa sikuwa na haki ya kuvuka bila kukaribishwa. Migomba ilikuwa imetunzwa kuliko wakati wa Tata. Alikuwa amenenepa kidogo, na nywele za pembeni zimeanza kuwa nyeupe.

“Mama amefariki,” nikasema.

“Nimesikia. Watu wa sokoni wamepita na habari.”

Akangoja. Anayekuja kuomba kaburi humwomba baba wa nyumba, kwa jina hilo, na tangu siku ya kiti sikuwa nimemwita kwa jina lolote. Tulipokutana njiani nilisalimu tu na kupita. Nilimtazama viganja. Midomo yangu ilikuwa mikavu kwa sababu ya baiskeli.

“Tata,” nikasema, “naomba mahali pa kumlaza.”

Alipangusa muhoro kwenye suruali, upande mmoja, kisha wa pili.

“Pita,” akasema.

Alinipeleka nyuma ya nyumba. Kando ya kaburi la Tata, upande wa kulia, palikuwa na kipande cha udongo kisicho na kitu. Pembeni yake palikuwa na maharage, na magimbi, na kahawa changa, vyote vimeishia kwenye mstari.

“Hapa sikupanda,” alisema. “Miaka yote hii. Watu wananiuliza una wazimu, ardhi nzuri hivyo.” Alikwaruza mguu mmoja kwa mwingine. “Mimi alinikataa. Hapa nilijua atakuja.”

Kisha akanigeuzia mpini wa muhoro.

“Kata majani ya kutandika chini. Mimi naenda kuwaita wachimbaji. Ukimaliza kaa, unisubiri.”

Waya ulikuwapo. Ulikuwa umeshika kutu, na mahali pamoja umelainika kwa mkono wa mtu. Nilikata majani ya mgomba, nikayapanga ukutani. Utomvu ulinidondokea kwenye shati la kazini, nikajua doa lake halitatoka, nikaendelea kukata. Nilipomaliza niliulaza muhoro juu ya majani.

Kile kiti cha miguu mitatu kilikuwa mlangoni, mahali pake pa siku zote. Nilikaa chini kwenye nyasi kumsubiri.